Babu, Mjukuu na Kanisa: Karne Moja na Nusu ya Vizazi Kutafutana

Kanisa la Anglikana la Zanzibar lilianza na watoto watano wasio na wazazi. Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, alihamia Unguja baada ya misheni yake kushindwa kule bonde la Shire. Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza, waumini wa kwanza na wanakwaya wa kwanza. Mmoja wao, aliyebatizwa kwa jina la John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Ng'ambo ya pili, Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 na kufungua misheni Bagamoyo. Nao walianza vivyo hivyo, kwa watoto waliokombolewa sokoni, kila mmoja akiwa na lugha ya kwao anayoisahau kidogo kidogo.

Lilikuwa kanisa lisilo na bibi wala babu. Hapakuwa na mzee wa kumpa mtoto jina, wa kumposea kijana mke, wa kukaa katikati ndugu wanapogombana. Misheni ikalazimika kuvijaza viti hivyo vitupu. Mmisionari akawa baba na sista akawa mama, na msimamizi wa ubatizo akabeba kazi ambazo kwingine zingefanywa na mjomba na shangazi. Unguja wavulana walisomea Kiungani na wasichana Mbweni, na ndoa nyingi zilifungwa kati ya shule hizo mbili. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiungani, alimwoa Lucy wa Mbweni, akaenda kuhudumu Chitangali katika nchi ya Wayao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadre. Bagamoyo vijana walipooana walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Wengine walipelekwa bara kuanzisha vijiji vipya, kama Mhonda mwaka 1877, ambako walifika wakiwa na miaka ishirini na kitu na mara moja wakawa ndio wazee wa mahali.

Ninaanzia hapo kwa sababu ya lawama tunazozisikia kila mwaka katika mikutano mikuu ya sharika na parokia zetu. Inasemwa kwamba vijana wamelikimbia kanisa, au kwamba wazee wamelikalia. Husemwa kana kwamba zamani palikuwa na familia moja kamili, babu na wajukuu kwenye benchi moja, hadi simu za mkononi zilipoivunja. Familia hiyo haikuwapo. Makanisa ya Afrika Mashariki yalizaliwa katika kukatika kwa vizazi, na kila mara uhusiano wa mzee na kijana umelazimika kujengwa upya, kwa kazi, tena kwa kubishana.

Bara mambo yalikuwa tofauti na pwani, kwa kuwa huko wazazi walikuwapo, tena wenye nguvu. Buganda ya miaka ya 1880 inaonyesha gharama ya nguvu hiyo. Wasomaji wa kwanza, kama walivyoitwa, wengi walikuwa vijana wa ikulu, watumishi wa Kabaka waliopelekwa na koo zao ili wajifunze utawala na kuzipatia koo hizo heshima. Kiongozi wao, Karoli Lwanga, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 huko Munyonyo, akijua kesho itakuwaje, aliwabatiza wadogo zake kadhaa wa imani ambao bado walikuwa wakisubiri. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo.

Katika habari hiyo yupo mtu asiyetajwa sana kwenye mahubiri, naye ni Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mbaga Tuzinde, mmoja wa waliohukumiwa, alikuwa mtoto wake wa kulea. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa na Kanisa, Mukajanga alimsihi akane, au akubali kufichwa. Kijana akakataa. Mwisho mzee aliagiza apigwe shingoni kwanza, asife kwa moto. Baba mlezi alibaki na uwezo wa kumpunguzia mwanawe maumivu, basi. Na tusifanye kosa la kuwaona wote kuwa vijana. Matia Mulumba alikuwa mtu mzima wa miaka kama 50, mwenye cheo na familia. Lakini sura iliyobaki kwenye sanamu na kwenye majina ya vyama vya watoto ni ya Kizito, mtoto aliyeshikwa mkono na kaka. Mzazi yupo upande wa pili wa moto. Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964, Kanisa la Uganda lilipata wazee wa imani ambao wengi wao hawakufikisha miaka 30.

Baada ya hapo shule za misheni zikaifanya kazi ya kumtenga mtoto na wazazi wake bila moto. Mtoto aliyejua kusoma alikuja nyumbani likizo akiwa na daftari, jina jipya na aibu fulani kwa mambo ya baba yake. Ugomvi mkubwa zaidi ukaja kwenye jambo ambalo kila jamii ililishika kama mlango wa utu uzima: jando na unyago.

Kati ya Wakikuyu mlango huo ulivunjwa kwa kishindo. Mwaka 1929 Misheni ya Kanisa la Uskoti, chini ya Dakta John Arthur, pamoja na misheni nyingine, ziliwataka waumini na walimu waweke sahihi au alama ya dole gumba kuukana ukeketaji wa wasichana. Watu wengi waliondoka kwa mkupuo, madarasa yakabaki matupu, na wimbo wa ngoma ya Muthirigu uliowakejeli wamisionari ukapigwa marufuku na serikali mwaka 1930. Shule na makanisa ya kujitegemea yakachipuka kutokana na mfarakano huo. Wamisionari walikuwa sahihi kuhusu madhara ya kisu, na leo sheria ya Kenya inasema hivyohivyo. Walichokosa kukiona ni kwamba irua, yaani jando na unyago wa Kikuyu, ilibeba pia mafundisho ya bibi kwa mjukuu, mama msimamizi aliyemshika msichana siku ile na kumfuata maishani, na rika la wenzake. Vyote hivyo viliondolewa pamoja na kisu, na hakuna kilichoandaliwa kushika nafasi yake.

Kusini mwa Tanganyika walijaribu njia nyingine, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere akiwa na watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, lakini waumini walioongezeka baadaye walikuwa Wayao, Wamakua na Wamakonde wenye wazazi, wenye kumbi na wenye ngariba. Baba Mkristo alikuwa na mashaka: asipompeleka mwanawe jandoni atachekwa maisha yote na hatapata mke, akimpeleka, atakuwa amemtia kwenye matambiko ambayo padre anayakataza. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, hata kabla ya kuwekwa wakfu alikuwa amekwisha kuruhusu jando la Kikristo. Kumbi ilifunguliwa na kufungwa kwa ibada, sala zikachukua nafasi ya maombi kwa mizimu, mafundisho machafu yakaondolewa, na mafundisho ya adabu, kazi na heshima kwa wakubwa yakabaki.

Vitabu vya historia vya Ulaya humpa Lucas sifa yote. Mwanahistoria Terence Ranger, alipolichambua suala la Masasi mwaka 1972, alionyesha kwamba bila mapadre Waafrika mpango ule usingesimama. Watu kama Kolumba Msigala, padre aliyeacha maandishi ya kumbukumbu zake, ndio waliojua kipi ndani ya kumbi ni mzizi na kipi ni takataka. Wao wenyewe walikuwa watoto wa misheni, lakini vijijini walikuwa wamekwisha kuwa wazee. Waliweza kusimama mbele ya ngariba na mbele ya askofu wakasikilizwa pande zote mbili. Kijana aliyetoka kumbi ya namna hiyo alitoka na rika lake na walezi wake, na kanisa lake bado ni lilelile.

Kilimanjaro habari ni ya aina hiyo, ila ina kasoro zake. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig aliwasili mwaka 1902, akakaa Masama na hasa Old Moshi hadi mwaka 1938, isipokuwa miaka ambayo Waingereza walikuwa wamewafukuza Wajerumani. Hakuna mgeni aliyewahi kuwasikiliza wazee wa Kichaga kwa subira kama yeye. Aliandika mafundisho ya ngasi, kambi ya vijana msituni, ambako mzee alishika mregho, fimbo iliyochongwa mikato kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mkato ulikuwa na somo lake: mtoto anavyotungwa mimba, anavyokua, anavyopaswa kuishi na mkewe, atakavyozeeka. Mzee alisogeza kidole kutoka mkato hadi mkato, vijana wakiitikia. Mafundisho hayo Gutmann aliyachapisha katika majuzuu matatu kati ya miaka ya 1932 na 1938.

Kisha akayatia ndani ya usharika. Kwake ukoo, ujirani na rika vilikuwa vifungo vilivyoumbwa na Mungu, na kanisa lisilovitumia lingeelea hewani. Vijana wa kipaimara aliwafunga wawili wawili, kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake, chini ya uangalizi wa wakubwa waliotangulia. Majirani walikutana kwa mambo ya majirani, wakuu wa koo walihusishwa kusuluhisha. Ni mpango mzuri sana ukiusoma kwenye karatasi. Lakini vijana wenyewe walitaka nini? Wengi walitaka shule, kahawa, fedha na dunia pana, na Gutmann aliviogopa vitu hivyo kwa kuwa aliamini vinamtenga mtu na wenzake. Hapo ndipo ninapoachana naye. Aliwapenda wazee wa Kichaga kiasi cha kutaka wajukuu wao wabaki palepale. Wajukuu hawakubaki. Ni walimu vijana haohao walioshika ibada na shule wakati wamisionari walipofukuzwa, na ni kizazi kilichosoma ndicho kilicholiongoza Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, likiwa na Askofu Stefano Moshi wa Kilimanjaro kama mkuu wake wa kwanza.

Wakati wamisionari wakipanga marika, upepo wa Uamsho ulivuma ukayapindua yote. Ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, na mizizi yake ilitokana na urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikufa Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kikauwasha moto zaidi. Wimbo wa Tukutendereza ukavuka Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika, ukaimbwa hata na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Jambo la kushangaza katika Uamsho, kwa jamii za heshima kama zetu, ni nani aliyemkemea nani. Mke aliungama mbele ya mumewe na majirani. Kijana alisimama akamwambia mchungaji wake kwamba hajaokoka. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na walikuwa wamewashutumu walimu wao waziwazi. William Nagenda, mmoja wao, hakupewa daraja la uchungaji maisha yake yote, lakini alisikilizwa kuliko maaskofu wengi. Mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha jinsi wazee wa makabila mbalimbali walivyowaona wanauamsho kuwa wavunja miji, watu wanaotangaza hadharani mambo ya chumbani.

Ila tazama kilichotokea baadaye. Watu waliokuwa wamevunja utii wa ukoo wakajenga ukoo mwingine. Waliitana ndugu, waliozeshana watoto, walilipiana ada, walizikana. Mgeni wa Uamsho aliyefika mji asioujua alipata kitanda usiku huohuo. Na waliposhika uongozi wakawa wazee wakali kuliko waliowatangulia, wenye kanuni za nywele, za nguo na za nani asimame kuhubiri. Mkristo wa Kenya aliyekulia miaka ya 1970 na 1980 atakwambia jinsi gitaa lilivyotazamwa katika mikutano yao. Josiah Kibira, Askofu wa Kilutheri wa Bukoba na mtoto wa Uamsho huo, alilitafakari jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Aliujua ukoo wa Kihaya kwa ndani, akajua pia nguvu ya ushirika wa waliookoka, na swali lake lilikuwa kanisa lirithi nini kutoka kwa kila upande. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kukishika kiti hicho.

Kongo nao walikuwa na njia yao, na ilipita kwenye Kiswahili. Katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Union Minière huko Kolwezi, watu walitoka mbali na wazee wao wakabaki kwenye nyumba za kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 padre Mfransisko Placide Tempels, maarufu kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu cha mwaka 1945, alianza kukutana na wanandoa. Kundi likaitwa Jamaa. Walifundishana kwa Kiswahili cha Katanga juu ya uzima, uzazi na mapendo, wakaitana baba na mama. Waliowaingiza wenzao katika mafundisho walihesabiwa kuwa wazazi wao wa kiroho, na hao wakawazaa wengine, hata nasaba nzima ikasimama kambini ambako hapakuwa na ukoo. Baadaye maaskofu waliingiwa na hofu juu ya siri na madaraja ya Jamaa, na hofu hiyo haikuwa bure. Hata hivyo, hitaji lililozaa Jamaa lilikuwa lilelile la Bagamoyo mwaka 1868: mtu hawezi kukua kiimani bila mtu wa kumwita baba.

Tukija karibu na siku zetu, uamuzi mkubwa upande wa Wakatoliki ulifanywa na maaskofu wa AMECEA, chombo cha nchi za Afrika Mashariki, katika mikutano ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976: Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tanzania ilikuwa imekwisha kuandaliwa na ujamaa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali hadi kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Vijiji vya ujamaa vimebaki kwenye vitabu, jumuiya zimebaki mitaani.

Ingia kwenye jumuiya moja ya Dar es Salaam Jumamosi alfajiri. Sebule ya watu, makochi yamesogezwa ukutani. Wazee wamekaa kwenye makochi, kina mama kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, watoto wa Utoto Mtakatifu kwenye mkeka karibu na mlango. Mtoto wa darasa la tano anasoma Injili ya Jumapili, anakwama kwenye jina la mji, bibi anamsaidia bila kufungua macho. Baada ya tafakari linafunguliwa daftari: nani mgonjwa, nani amefiwa, zamu ya usafi wa kanisa ni lini, nani hajalipa mchango. Kijana anayetaka barua ya kufunga ndoa atapitia hapa kwanza, mwenyekiti aseme kama anamfahamu. Kwa utaratibu huo wengi wamelalamika, nami naelewa, maana kuna wenyeviti wanaotumia barua kama rungu. Lakini sijui taasisi nyingine ya mjini inayowalazimisha bibi wa miaka 70 na mtoto wa miaka 10 kukaa chumba kimoja kila wiki na kujuana kwa majina.

Anayekosekana sebuleni humo ni yule wa kati, mwenye miaka 18 hadi 30. Hili lina sababu nyingi, ya kwanza ikiwa kazi na masomo. Sababu nyingine tumeitengeneza wenyewe. Makanisa yetu yamempangia kila mtu chama chake: watoto Utoto Mtakatifu au Shule ya Jumapili, kwa Wakatoliki vijana wana VIWAWA, kina mama WAWATA, kina baba UWAKA, Waanglikana wana Umoja wa Akina Mama wao, Walutheri wana idara zao. Vyama hivi vimefanya mengi mema, na WAWATA, iliyoanza mwaka 1972, imewafunza uongozi wanawake ambao hakuna chama cha siasa kingewapa nafasi. Tatizo ni pale kila kundi linapokuwa na sare yake, kwaya yake, semina yake na mlezi wake, hata mtu anaweza kupita kutoka ubatizo hadi uzee bila kufanya kazi na mtu asiye wa rika lake.

Pa kukutana pamebaki pachache, na mara nyingi hapakupangwa na kamati yoyote. Kwaya ni mojawapo. Mwaka 1958 kule Kamina, Katanga, padre Guido Haazen aliwakusanya wavulana wa shule na walimu wao wakaimba Misa Luba, sauti za watoto juu, za watu wazima chini, na sahani ya santuri ikazunguka dunia. Mahali pengine ni mnada. Katika sharika za Kilutheri, hasa Kilimanjaro, sadaka ya mazao hutolewa nje baada ya ibada: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa ananadi, kijana anapeleka bei juu kwa utani, bibi anamzidi shilingi mia mbili, kisha jogoo akishanunuliwa anarudishwa kwa mnadi auzwe tena. Katika dakika ishirini hizo watu huongea kuliko katika semina ya siku tatu.

Na kuna mkoa ambako vizazi vilikutanishwa na msiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika hospitali ya Ndolage, Kagera, hospitali ya Walutheri. Miaka iliyofuata kizazi cha katikati kilipungua kwenye mabenchi ya Bukoba na Muleba, wakabaki bibi na wajukuu. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ikaanzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Huko Nshamba mradi wa Kwa Wazee, ulioanza mwaka 2003, ukafanya jambo ambalo wachache walilifikiria: ukawapa bibi pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini iliyofanywa baadaye ilikuta fedha hizo zinaishia kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule vya wajukuu. Mtu akitaka kumsaidia mtoto, alipaswa kuanza na bibi yake. Na hapohapo Nshamba yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakakiendesha wenyewe.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niwe na neno la ukali kidogo kwa viongozi wetu. Kijana Mkristo wa Tanzania akifika sekondari anaingia UKWATA, akifika chuo anaingia TAFES au USCF, vyama vya Kikristo vya wanafunzi. Huko anakuwa katibu, mweka hazina, mwenyekiti. Anaandaa mkutano wa mamia ya watu, anahubiri, anashika fedha na kutoa hesabu. Anarudi nyumbani na shahada, anakwenda usharikani, anapewa kazi ya kupanga viti na kufunga vipaza sauti. Mwaka unaofuata tunasikia anasali kwingine, kwa mchungaji wa miaka 32 aliyempa idara ya kuongoza, na wazee wanasema vijana wa leo hupenda makelele.

Kenya imeonja upande wa pili wa jambo hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya, ACK, alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari za Kanisa lake, na wengi walidhani ni maneno yatakayopita. Juni 2024 vijana waliokuwa barabarani kupinga Muswada wa Fedha waligeukia makanisa na kuuliza kwa nini wanasiasa wanapewa madhabahu na kipaza sauti kwa sababu ya bahasha. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alirudisha mchango wa Rais uliotolewa katika parokia ya Soweto. Vijana walikuwa wamewakemea wazee, kama wale wa Mukono mwaka 1941, na safari hii hawakufukuzwa.

Palipofaulu, kuanzia kumbi za Masasi hadi Nshamba, mzee na kijana walipewa kazi moja, na kila mmoja akawa na mamlaka ya kweli ndani yake. Pale kijana alipopewa mafundisho tu, au mzee alipopewa heshima tu, mambo hayakudumu kizazi kimoja. Jumapili ya Vijana inayoadhimishwa mara moja kwa mwaka, wenye sare wakisoma masomo na kuongoza nyimbo huku hesabu na maamuzi yakibaki kwa walewale, ni maonyesho.

Basi wewe msomaji uliye kwenye baraza la wazee la usharika au halmashauri ya walei ya parokia, uchaguzi ujao wa viongozi usipite hivihivi. Pelekeni majina ya vijana wawili au watatu, wawe wajumbe wenye kura, na mmoja wao aingie kamati ya fedha. Wapeni kila mmoja mzee mmoja wa kufanya naye kazi. Na mzee huyo aruhusiwe kukosolewa.